Jina Lisomwe Mwisho: Kutambua na Kukusanya Cherehani za Zamani Ukiwa Tabora

Ilikuwa Agosti, vumbi limeshapanda mpaka kwenye majani ya miembe, nilipokikuta kichwa cha cherehani juu ya mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu kule Ng'ambo. Kimelala ubavu, tumbo wazi, na kijana wa mizani anasubiri mshale utulie asome kilo. Nikamwomba dakika mbili. Jina lilikuwa limefutika lote, hata herufi moja haikubaki. Nikachungulia chini, nikaona mtumbwi wa uzi, yaani kile kifuko cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Nikalowesha kidole kwa mafuta, nikasugua kutu karibu na nguzo, ikajitokeza herufi F na namba zake. Nikalipa bei ya kilo na kitu kidogo juu. Ile ni Singer 28K, ilitengenezwa Scotland kati ya mwaka 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hadi leo inashona mishono midogo iliyonyooka kama mstari wa rula.

Kijana aliniuliza nimejuaje na jina halipo. Siku ile nilimjibu kwa haraka kwa sababu jua lilikuwa linanichoma utosi. Jibu lenyewe kwa urefu ni hili.

Wengi wanaotaka kukusanya cherehani huanza kwa kusoma maandishi ya dhahabu mkononi mwa mashine. Mimi nakushauri uyasome mwisho. Maandishi hufutika, hupakwa upya, hughushiwa. Chuma kilichofichwa chini ya bati hakuna anayejisumbua kukighushi.

Hatua ya 1: Funga mkoba

Beba bisibisi mbili, kubwa na ndogo, zenye ncha nyembamba. Skrubu za cherehani za zamani zina mfereji mwembamba sana; ukilazimisha bisibisi nene itaruka na kuchuna kichwa cha skrubu, na mwenye mashine atakuona mharibifu kabla hujafungua mdomo kuuliza bei. Ongeza kopo dogo la mafuta ya cherehani, kitambaa cha pamba, pakiti ya sindano mpya, nyuzi za rangi mbili tofauti, penseli laini na karatasi nyembamba. Tochi ya simu inatosha.

Beba pia kipande cha merikani cha kujaribia. Mimi situmii kitambaa kingine. Kitambaa hicho kilikuja Unyamwezi mabegani mwa wapagazi, miaka mingi kabla ya reli, na jina lake linasema kilikotoka. Hakina mvutiko wala utelezi, kwa hiyo mshono ukiharibika juu yake ujue kosa ni la mashine.

Hatua ya 2: Zijue zinakojificha

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo chuma kizito kama cherehani kiliweza kusafiri bila kubebwa kichwani. Ndiyo maana miji iliyo kando ya reli ina akiba ya mashine kuukuu kuliko watu wanavyodhani.

Anza na vibaraza vya mafundi. Usimtake fundi akuuzie mashine anayoikanyaga. Hiyo ni ugali wa watoto wake. Muulize kama ana iliyokufa. Karibu kila fundi mzee anayo moja nyuma ya mlango, anainyofoa spea. Wa pili ni wanunuzi wa vyuma chakavu: waachie namba yako ya simu, waambie utalipa zaidi ya kilo. Hao ndio wapinzani wako wakubwa, ukiwafanya marafiki mambo yanakuwa mepesi. Nyumba za masista na shule za ufundi huwa na mashine zilizotunzwa vizuri, ila lazima uandike barua, usubiri, uandike nyingine.

Ukipata nauli, panda treni uende Ujiji. Kule bidhaa zimevuka ziwa kutoka Kongo na Burundi kwa vizazi kadhaa, na kwenye vyumba vya nyuma utakutana na mashine za Kijerumani ambazo huku Tabora sijaziona.

Kisha kuna familia, na hapa mwendo ni mwingine kabisa. Bibi mmoja wa Gongoni ana Singer ya mkono iliyofunikwa kitenge sebuleni. Nilipofika mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Tukaongea habari za mvua na bei ya mchele kwa nusu saa. Ndipo akasema mwenyewe, "Naona macho yako yako pale. Ile imesomesha watoto wanne. Umekuja kununua au kutazama?" Nikamwambia kutazama. Mara ya tatu aliniruhusu niitie mafuta. Hajaniuzia mpaka leo na simwombi, lakini yeye ndiye aliyenielekeza nyumba nyingine mbili nilikopata mashine nzuri. Ukiingia kwa mjane na kutaja pesa kabla ya salamu, utatoka na kikombe kitupu cha chai.

Hatua ya 3: Ilaze ubavu, uangalie tumbo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiwe na haraka. Vuta bati dogo linaloteleza karibu na sindano, au laza kichwa nyuma kwenye bawaba zake. Unatafuta jambo moja: uzi wa chini unakaa ndani ya nini, na kinatembeaje.

Ukikuta kitu chenye umbo la mtumbwi au risasi, na ndani yake bobini nyembamba ndefu kama kifupa cha kuku, uko kwenye ukoo wa zamani. Zungusha gurudumu polepole, kila mara likija upande wako. Mtumbwi ukienda na kurudi kwa mstari ulionyooka, na kitako cha mashine kimekatwa kiuno kama fidla, huenda umeshika Singer 12, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1865. Hapo ikunje kitambaa, kaa chini, unywe maji kwanza. Mtumbwi ukibembea kwa kupinda kama mkono wa saa, hiyo ni familia ya Singer 27 na 28, na 127 na 128 zilizofuata. Aina ya 28 ni kama 27 iliyopunguzwa robo. Wenye mashine za mkono wengi wana hiyo. Kutofautisha wakubwa na wadogo zao ni rahisi: kwenye 27 na 28 kifaa cha kujazia bobini kiko chini karibu na kitako, na mtumbwi unautoa kwa kucha. Kwenye 127 na 128 kifaa kimepanda juu karibu na gurudumu, na kuna kitufe ukikibonyeza mtumbwi unainua kichwa wenyewe. Kumbuka tu kwamba viwanda vya Ujerumani na Uingereza navyo vilitumia mitumbwi, kwa hiyo mtumbwi peke yake haukupi haki ya kusema Singer.

Bobini ya duara iliyosimama wima ndani ya kesi, inayoingizwa upande wa kushoto chini ya sindano, ni familia ya Singer 15. Fundi yeyote wa Tabora anaijua kwa kupapasa, kwa kuwa cherehani nyingi za Kichina zilizojaa mjini zimenakiliwa humo. Kwenye familia hii tensheni ya uzi wa juu, yaani kile kifaa kinachoukaza uzi, mara nyingi imefungwa kwenye bati la mwisho wa kichwa, ikitazama kushoto, na sindano hutungwa uzi kutoka kulia kwenda kushoto.

Bobini ya duara iliyolala chali, unayoidondosha kutoka juu chini ya bati la kuteleza, inakupeleka kwa Singer 66, kwa mdogo wake 99, au kwa 201. Bobini ya 66 ina mashavu yaliyobinuka kidogo. Ya 15 ina mashavu bapa, na hazibadilishani. Acha bati wazi na uzungushe gurudumu. Ndoana inayoizunguka bobini ikienda nusu na kurudi, ni 66 au 99. Ikizunguka mduara mzima bila kurudi, na mwendo wake ni mlaini kama siagi, angalia vizuri: 201 huendeshwa kwa gia. Mafundi wazee wanaoifahamu 201 huiongelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mchumba wake wa ujanani.

Usiipite mashine ya fundi viatu. Ile yenye mkono mrefu mwembamba kama bomba na kiguu kinachozunguka pande zote, anayotilia viraka vya mabegi na raba, mara nyingi ni Singer 29K au nakala yake. Bobini yake ni ndogo mno na imefichwa ncha ya mkono. Bei yake haishuki kwa sababu bado inafanya kazi ambayo mashine nyingine hazifanyi.

Zipo pia za uzi mmoja tu zisizo na bobini kabisa, kama Willcox & Gibbs za Marekani, ambazo ukivuta ncha ya uzi mshono wote unafumuka. Huku kwetu nimeziona kwenye picha tu.

Hatua ya 4: Toa sindano

Ilegeze, itoe, uitazame shingo. Ikiwa na ubavu mmoja bapa, na sindano mpya ya kawaida uliyobeba ikaingia na kukaa urefu uleule, umepona: utashona nayo. Ikiwa shingo ni duara, au ya kwako inabaki fupi, mashine inataka sindano ya aina yake. Nyingine bado zinapatikana kwa wauzaji wa mashine za viwandani, nyingine ni za kutafuta kwa miaka. Hiyo haikuzuii kukusanya. Inakuzuia kumuahidi mkeo kwamba ataitumia Jumamosi.

Hatua ya 5: Tafuta namba

Kwenye Singer namba ya mashine imegongwa upande wa kulia wa kitako, karibu na nguzo. Ikiwa imejaa rangi au kutu usiikwangue kwa kisu. Weka mafuta, subiri, pangusa, kisha laza karatasi na upitishe penseli ubapa, kama watoto wanavyochora sarafu. Namba itajichora yenyewe.

Namba tupu isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Baada ya hapo ilianza herufi moja, baadaye zikawa mbili. F na Y ni za kiwanda cha Clydebank, Scotland: F kuanzia 1910, Y kwenye miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930. Kuanzia 1935 Clydebank wakaingia kwenye herufi mbili zinazoanza na E: EA, EB na kuendelea. G ni ya Elizabeth, New Jersey, Marekani, kama zilivyo AA na wenzake waliofuata. C ni ya Wittenberge, Ujerumani, na ukiipata huku jiulize ilikuja na nani, kwa kuwa Wajerumani waliipoteza Tabora Septemba 1916. Mashine nyingi nilizozikuta mkoani kwetu ni za Clydebank. Hilo halishangazi: tulikuwa chini ya Waingereza, na kiwanda kile, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980, kilikuwa kinalisha nusu ya dunia. Herufi K unayoisikia kwenye 28K, 99K au 201K inatokana na Kilbowie, eneo lilipokaa kiwanda.

Mwaka unaoupata kwa namba ni mwaka ambao fungu hilo la namba lilitengwa. Mashine yenyewe huenda ilitoka kiwandani miezi kadhaa baadaye. Andika "karibu 1926", usiandike tarehe ya kuzaliwa.

Na hizi tarehe zilizochongwa kwenye bati la kuteleza? Ni za hataza, yaani siku ambayo uvumbuzi ulisajiliwa, si siku mashine ilipotengenezwa. Nimeshagombana na mtu aliyetaka bei ya mashine ya 1886 kwa sababu ya bati, wakati namba ilianza na Y. Tuliachana bila kuuziana, na sikumlaumu; hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilidanganywa na bati kama lile.

Hatua ya 6: Beji, nakshi, na miguu

Nakshi za dhahabu husaidia. Sanamu ya sfinksi ya Misri hupatikana kwenye 27 na 127. Maua mekundu yenye umbo la jicho hupatikana kwenye 66 za Marekani. Beji ya shaba yenye ukingo wa buluu na miaka 1851 hadi 1951 ilitolewa kuadhimisha miaka mia ya kampuni. Ukikuta vyuma vilivyopaswa kung'aa vimekuwa vyeusi toka kiwandani, fikiria miaka ya Vita Kuu ya Pili, ambapo nikeli ilikuwa adimu. Lakini tazama kama ni weusi wa kiwandani au wa kopo la rangi la kaka yake fundi.

Miguu ya chuma isikushawishi kitu. Neno SINGER lililosubiwa kati ya miguu linahusu miguu tu. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamebadilishana vichwa kama watu wanavyobadilishana viatu mlangoni mwa msikiti, na kichwa cha Kichina juu ya miguu ya Scotland ni jambo la kila siku. Andika vyote viwili kando kando, kila kimoja na asili yake.

Hatua ya 7: Sasa soma jina

Kufikia hapa unajua unachotarajia kukisoma. Likilingana na tumbo na namba, vizuri. Lisipolingana, amini tumbo.

Ukisoma Singer kwenye mashine ya familia ya 15, lakini beji haina mtumbwi na sindano zilizopishana, namba haifuati mtindo wowote wa hapo juu, na dhahabu inabanduka kwa ukucha, umeshika nakala. Nyingine zimebadilisha herufi moja ya jina, ukisoma haraka hugundui. Baada ya vita viwanda vya Japani vilinakili 15 kwa wingi na kubandika jina lolote alilotaka mnunuzi, kwa hiyo jina usilowahi kulisikia kwenye 15 yenye rangi ya kijani au buluu si ajabu. China ikaleta Butterfly na Flying Man. India ikaleta Usha. Mimi sizidharau. Butterfly ya kwanza kwanza, iliyoshona sare za shule za mtaa mzima, ina historia ya mji huu kuliko Singer iliyokaa kabatini kwa mzungu.

Jones ni ya Uingereza. Nyingi zina maandishi yanayojigamba kuwa ziliuzwa kwa Malkia Alexandra, mke wa Edward VII aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910. Waliendelea kuyabandika baadaye, kwa hiyo usiyatumie kupiga hesabu ya mwaka. Pfaff ni ya Kaiserslautern, Ujerumani, kiwanda cha mwaka 1862, na vyuma vyake ni vigumu kuchakaa. Ukiikuta Ujiji usiiache.

Hatua ya 8: Pima uhai wake

Mashine iliyokwama mara nyingi haijafa. Inazibwa na mafuta ya kula. Mtu alikosa mafuta ya cherehani siku moja, akatia ya alizeti au mawese, yakakauka yakawa gundi ya njano. Hiyo ni dawa ndogo. Uzi uliojisokota nyuma ya ndoana nao hukwamisha mashine nzima, na ukiuvuta kwa kibanio unaweza kuonekana mganga.

Kinachoua ni ufa. Tazama kwa tochi pale nguzo inapokutana na kitako, na kwenye masikio ya bawaba. Chuma cha kusubu kikipasuka kuungwa kwake ni kazi ngumu isiyodumu. Gia za 201 zilizokatika meno ni hasara. Kukosa mtumbwi kwenye mashine ya Kijerumani isiyo ya kawaida kunaweza kukufanya uwe na sanamu tu. Kinyume chake, 15 isiyo na kesi ya bobini isikutishe: spea za Butterfly madukani nyingi zinaingia.

Mwisho tia uzi wa rangi mbili na ushone merikani. Rangi ya chini ikijitokeza juu, tensheni tu. Mshono ukiruka, badilisha sindano kabla ya kulaumu kitu kingine chochote.

Nitaje hapa jambo linaloharibu biashara yetu. Utapigiwa simu na mtu anayetafuta "Singer ya zamani sana" kwa mamilioni, eti sindano yake ina zebaki nyekundu, na eti ukisogeza simu karibu mtandao unakatika. Uvumi huu uliwaka Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakalipana bei za ajabu. Cherehani haina zebaki ya rangi yoyote. Ndani kuna chuma, mafuta na vumbi la pamba. Anayekutaka utangulize "pesa ya kipimo" ni tapeli, kata simu. Na usiwahi kumwambia mwenye mashine habari hizo ili akupe heshima. Kesho atataka milioni hamsini na mashine itaoza pale pale.

Hatua ya 9: Iamshe taratibu

Iache juani nusu saa, isipokuwa Oktoba, mwezi ambao dakika kumi zinatosha. Joto hulainisha gundi. Drayer ya saluni inafanya kazi hiyohiyo. Tia mafuta ya taa matone machache kwenye kila tundu la mafuta na kila kiungo kinachosogea, yasiguse rangi wala nakshi, kisha acha hadi kesho. Usipige nyundo. Usivute gurudumu kwa hasira. Lisukume kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka likubali. Likizunguka, pangusa mafuta ya taa yote, kwa sababu yanaondoa ulainisho, kisha tia mafuta ya cherehani na uzungushe dakika tano.

Kwa mwili wa mashine tumia mafuta hayohayo ya cherehani na pamba. Spiriti, thina na petroli viweke mbali: vanishi inayolinda nakshi huyeyuka kwa spiriti, na utabaki na mashine nyeusi isiyo na uso. Sipaki rangi mpya kamwe. Nimeshaona 66 nzuri imepulizwa rangi ya geti, na sikulala vizuri usiku ule.

Mkanda wa ngozi uliolegea ukate sentimita moja, toboa upya, funga kwa waya wake. Vipande vya mpira wa baiskeli huteleza.

Hatua ya 10: Safirisha, hifadhi, andika

Kabla ya kupandisha kwenye basi au behewa, tenganisha kichwa na meza. Toa sindano, toa mtumbwi, shusha kiguu juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga gurudumu lisizunguke. Kichwa kizungushie blanketi na ukibebe miguuni pako. Nilimwachia utingo kimoja kikapanda juu ya keria, kikashuka Nzega bila kifaa cha kujazia bobini.

Nyumbani adui ni mchwa. Meza za cherehani ni mbao, na mchwa wetu hawaulizi umri. Ziweke kwenye sakafu ya saruji, mbali na ukuta, na uangalie chini ya droo kila mwezi. Kwa kung'arisha mbao tuna bahati ya kuishi kwenye nchi ya nyuki: nunua nta, iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, iondoe motoni kabisa ndipo uchanganye tapentaini kidogo. Ikipoa inakuwa laini kama mafuta ya mgando. Paka kwa kitambaa, subiri, sugua.

Kila mashine ipe ukurasa kwenye daftari: namba, aina, kiwanda, mwaka wa karibu, miguu iliyokuja nayo, kilichopungua, bei, na uliipata wapi. Kisha nafasi ya nani aliishonea na alishona nini. Hiyo ijaze siku hiyohiyo, ukiwa bado mlangoni kwao, maana wiki ijayo mzee atakuwa amesafiri na wewe umesahau kama alisema kanzu au koti.

Ile 28K ya Ng'ambo nilirudi kuiulizia baada ya siku nne. Kijana wa mizani alikumbuka tu kwamba ilikuja kwenye mkokoteni pamoja na masufuria na fremu ya baiskeli, na mwenye mkokoteni hakujulikana. Kwenye mtumbwi wake palibaki uzi mweupe kama mita mbili. Nimeufunga kwenye kipande cha karatasi na kuubandika ukurasa wake, kwenye ile nafasi ambayo bado haina jina.